Nani Atapaka Ukuta wa Makumbusho

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwaambia nalinda vigoda visivyokaliwa na vyungu visivyopikiwa. Wengine hucheka, wengine hunionea huruma. Sijali. Kabla ya hapo niliuza leso sokoni, na leso nazo nilizilinda kutwa zikipapaswa na watu wasionunua, kwa hiyo sioni kama kazi imebadilika sana.

Makumbusho yetu yako pembeni ya mji wa Homa Bay, katika ghala la zamani la pamba. Si makubwa. Ukiingia kwa haraka utakuwa umeshatoka kabla sijamaliza kukukaribisha. Ndani kuna vigoda vya wazee, nyatiti mbili, yaani mazeze ya Waluo, na moja imekatika nyuzi. Kuna kafi za mitumbwi, vikapu vya omena, wale dagaa wa ziwani, na michoro ya vijana wa hapa ambao huchora ziwa kila siku kana kwamba macho yao hayajawahi kuona kitu kingine. Kuna pia zeze kubwa la Kikuria nililolileta mwenyewe kutoka kwetu Migori, karibu na mpaka, ili nisiwe Mkuria peke yangu humo ndani. Nilimfuata mume wangu, dereva, alipohamishiwa huku kikazi. Wenyeji huniita nyar Migori, binti wa Migori, ingawa nina wajukuu.

Siku za soko ndizo ninazozipenda. Wanawake wanaouza samaki huingia kupumzisha miguu, halafu wanaanza kubishana chungu cha bibi ya nani kilikuwa kikubwa zaidi. Nimewahi kumpata bwana mmoja wa kisiwa cha Remba amesimama mbele ya kafi, akaniambia ile alama iliyochongwa mpinini ni ya ukoo wa mama yake. Akaishika, nami nikajifanya nimeangalia pembeni, maana kwa kanuni zetu vitu havishikwi. Mkata miwa wa Awendo alikuja na watoto wake akawaonyesha kigoda cha aina aliyokalia babu yao, kisha akawakataza wasikikalie. Alikuwa ananifanyia kazi yangu.

Haya ninayoyasimulia yalianza na kuta. Kamati ilikuwa imenituma kuzunguka vijijini nikiomba watu vitu vya zamani, na katika kuzunguka huko nikafika kwa mama mmoja mzee, mjane, ng'ambo ya kilima. Nilikuwa nimeambiwa ana chungu. Nilipoingia uani chungu kilinitoka akilini kabisa. Nyumba yake ya udongo, ya mviringo, ilikuwa imechorwa kuanzia chini mpaka palipoishia nyasi za paa, kwa udongo mwekundu, mweupe, na mweusi wa mkaa uliopondwa. Kulikuwa na mistari iliyopinda ikakutana, ikaachana, ikakutana tena. Nilisimama pale na mkoba wangu kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotarajia. Sisi Wakuria tuna yetu ya kujivunia, wala sipendi kuwasifu Waluo mbele yao, lakini siku hiyo nilisifu.

Nilimwita dani, yaani bibi, kama wanavyomwita wote. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea maji, tukaelewana. Alinionyesha kwa kidole. Haya ni magamba ya ngege, samaki mpana wa ziwa. Hii ni njia ya ng'ombe wakishuka kunywa ziwani. Hii aliifanya mama yake, na mama ya mama yake, na haina jina, inafanywa tu upande wa mlango. Alipaka upya kila mwaka baada ya mvua kubwa, kwa vidole na kijiti kilichotafunwa ncha. Nilimuuliza kama amewafundisha mabinti zake. Akasema mabinti wameolewa kwenye nyumba za simenti, na simenti haishiki udongo.

Nyuma ya ile nyumba kulikuwa na nyingine ya matofali, imefika usawa wa madirisha. Mwanawe alikuwa anamjengea. Mwana mwema, sina la kumlaumu. Ni wangapi wanaowasahau mama zao kwenye nyumba zinazovuja? Mambo yote ya mila yanayotakiwa kabla ya mjane kujengewa yalikuwa yamekwisha kutimizwa na wazee. Lakini nyumba mpya ikipata paa, ile ya zamani ingebomolewa, kwa sababu uwanja ni mdogo na mchwa wamekula nguzo. Dani aliniambia hayo bila kulalamika. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Huko kwenu mnaweka vitu ya wazee. Ukuta mnaweza weka?"

Nilimwambia ukuta haubebeki. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyejua jibu lakini ameona si vibaya kuuliza. Niliporudi njiani nyuma ya bodaboda nilikuwa na hasira, wala sijui na nani. Yule mama hakuwa anataka sifa. Alitaka mkono wa mama yake upate mahali pa kukaa, basi.

Sasa, bahati ilikuwa upande wetu, au niliona hivyo. Wakati huohuo mwenyekiti wa kamati alikuwa amepata wazo la kujenga nyumba ya kienyeji pale uani pa makumbusho, ili watoto wa mjini waone walivyoishi babu zao. Mwenyekiti wetu ni mzee mnene, mwenye moyo mkunjufu na shinikizo la damu, aliyekuwa fundi wa injini za mashua mpaka mgongo ukamshinda. Alilibeba jambo lile kama arusi ya bintiye. Nguzo alizikata shambani kwake. Nyasi zilitoka kwa ndugu yake. Fundi wa kuezeka alipomaliza na kuulizia kijiti cha juu, mwenyekiti mwenyewe alikichonga, akapanda ngazi na mgongo wake mbovu, akamkabidhi fundi kwa mkono wake. Kile kijiti kinachochomoza kileleni mwa paa, ambacho Waluo hukiita osuri, kikasimama. Tulipiga makofi. Mwenyekiti akashuka akitokwa jasho na machozi, akatununulia soda.

Nyumba ilikuwa tayari isipokuwa kuta zake, ambazo zilikuwa udongo mtupu wenye nyufa. Nikaiambia kamati habari za dani, nao wakakubali kwa sauti moja. Nilikwenda kumwambia: ukuta umepatikana. Aliziba mdomo kwa kiganja. Wiki nzima, nilisikia baadaye, alikuwa anakwenda mtoni kuchagua udongo, akiuonja kwa ulimi kama mtu anayeonja mchuzi.

Siku aliyokuja, kamati nzima ilikuwepo. Alishuka kwenye bodaboda na mifuko yake ya udongo na kopo la maji, amefunga kitambaa kipya kichwani. Alitembea mpaka katikati ya uwanja. Akainua macho akatazama paa. Basi, miguu ikakoma hapohapo.

"Hii nyumba ni ya nani?" akauliza.

Nilimjibu kwa fahari kwamba ni ya jamii, ni ya sisi sote.

"Jamii inalala na nani?"

Wanawake waliokuwa karibu walicheka, kisha wakanyamaza ghafla, mmoja baada ya mwingine, na mimi peke yangu nikabaki natabasamu kama mjinga. Ilibidi mmoja wao anivute kando anieleze. Osuri si pambo. Osuri ikiwa juu ya paa, maana yake nyumba ina mwanamume, naye yuko hai. Siku anapokufa, inatolewa. Nyumba ya dani haikuwa nayo tangu alipomzika mume wake. Na kuta za nyumba yenye osuri hupakwa na mke wa mwenyewe. Mwanamke akija na udongo wake akaanza kupaka nyumba ya mtu, ametangaza mbele ya watu kwamba yeye ni mke hapo. Si jambo la kufanyia mzaha, hasa kwa mjane.

Ningeweza kusema kwamba mimi ni mgeni, sikujua. Lakini kamati ilikuwa imejaa Waluo watupu, watu waliozaliwa ndani ya nyumba za namna hiyo, na hakuna aliyefikiri. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa makumbusho. Waliiona nyumba ile kama picha ya nyumba. Dani aliiona nyumba.

Mwenyekiti, masikini, hakuwa amesikia minong'ono. Akaja anatweta, mikono imekunjuliwa, akamwambia dani aone kazi nzuri, na ile osuri pale juu ni yeye mwenyewe ameiweka. Dani alimtazama kwa heshima. Akampa pole ya kazi. Kisha akachukua mifuko yake, akamwambia mwenye bodaboda amrudishe nyumbani.

Maneno katika mji huu hayahitaji simu. Kabla ya jua kutua habari ilishafika sokoni kwamba mwenyekiti amejenga nyumba mjini na ameleta mjane aipake. Mke wake alikuja siku ya pili. Ni mwanamke mrefu, mkimya kanisani, lakini siku hiyo hakuwa kanisani. Alisimama kati ya vigoda vyangu akataka kujua ni nani aliyemtafutia mume wake bibi wa pili. Nilimwambia ni mimi niliyemleta yule mama, na nilimleta kwa ajili ya ukuta. Akasema kila kitu huanza na ukuta. Nilijaribu kucheka, akanikata jicho, nikaacha.

Kamati ilikutana, na kwa kweli nimeshuhudia misiba yenye furaha kuliko kikao kile. Mmoja alisema suluhisho ni rahisi, osuri itolewe, nyumba iwe kama ya mjane, dani apake kwa amani. Wote tukamgeukia mwenyekiti. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mkitoa hiyo kitu," alisema polepole, "mniandalie na jeneza."

Hakuwa anatania. Aliichonga yeye, aliikabidhi yeye, na sasa kuitoa akiwa hai ni kumwita mauti kwa jina lake. Mtu mwingine alipendekeza iitwe osuri ya marehemu babu yake mwenyekiti, ndipo itolewe. Fundi wa kuezeka, aliyekuwa amealikwa, akasema yeye hapandi tena paa lile kwa ajili ya kutoa kitu chochote, kwani ana watoto. Mtu hawezi kulazimishwa kutoogopa. Mimi mwenyewe nina ya kwetu ambayo siwezi kuyavuka, ingawa sitayasema hapa.

Nikaleta wazo langu, nalo nililiona la busara sana. Vijana wetu wachoraji wakaenda kwa dani na mbao kubwa, wakanakili kuta zake kwa rangi za mafuta, mstari kwa mstari. Walifanya kazi safi. Tulipomwonyesha, dani alizigusa mbao, akanusa vidole vyake, akawashukuru wale vijana mmoja mmoja na kuwapa viazi vitamu. Halafu akaniambia kwa upole, "Hii ni picha ya nyumba yangu, nyathina." Nyathina ni mwanangu. Hakuniita hivyo kabla. Mbao zile zinaning'inia ghalani mpaka leo na wageni huzipenda, ila mimi kila nikizipita husikia ile sauti.

Mara nyingine nilipokwenda kwa dani, nyumba mpya ilikuwa na paa. Mabati yaling'aa mpaka nikafumba macho. Ile ya zamani ilikuwa imeshang'olewa mlango, ambao mwanawe aliuhitaji kwa banda la kuku, na ndani niliona mwanga ukipita kwenye nafasi ambayo mchwa wameifungua. Dani alikuwa amekaa nje, ameegemeza mgongo kwenye magamba yake ya ngege. Alikuwa anachambua omena kwenye ungo, akiinua kila mmoja karibu na jicho. Hapo ndipo nilipotambua kwamba macho yake nayo yalikuwa yanaondoka.

Sikurudi kazini. Nilimwambia mwenye bodaboda anipeleke moja kwa moja kwa mke wa mwenyekiti, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika yote niliyoyapanga yakanitoka. Alikuwa anafua. Hakunikaribisha, nami sikungoja kukaribishwa. Nilimweleza yote: mlango ulivyong'olewa, mabati, macho. Alisugua nguo bila kuinua kichwa. Nikaona hasira inanipanda.

"Mama," nikamwambia, "mume wako ako hai, na amejenga nyumba, na nyumba haina mke. Hiyo aibu ni ya nani? Si ya yule mama mzee."

Alinyanyuka. Nilidhani beseni lile litanijia usoni. Badala yake alijipangusa mikono kwenye leso yake, akasimama kitambo akitazama upande wa mjini, kama anapima umbali.

"Kwa hivyo ni yangu," akasema.

Nilimwambia ndiyo. Kwa kadiri nilivyoelezwa na nyinyi wenyewe, ni yako.

Keshoye asubuhi nilifika kazini nikakuta moshi. Nilikimbia, nikijua ghala linaungua na vigoda vyangu vyote. Haikuwa ghala. Mke wa mwenyekiti alikuwa ndani ya nyumba ya uani, amepanga mafiga matatu, amewasha moto, chai inachemka. Alikuwa amekuja na chungu chake cha maji na mkeka. Nje kulikuwa na rundo la udongo na mavi ya ng'ombe, naye alikuwa ameshaanza kuukanda kwa miguu, sketi ameikunja magotini. Kanuni za makumbusho zinasema moto ni marufuku. Nilisoma kanuni hizo ukutani kwa sauti, akanimiminia chai.

Alisiriba kuta zote kwa mkono wake, tabaka la kwanza, kama mke anavyofanya. Mume wake alipita kutazama, akaagizwa alete maji, akaleta. Kazi ilipokauka, yule mwanamke alivaa nguo za kanisani, akaniambia nimsindikize kwa dani. Tulipofika, hakuomba msamaha, wala dani hakuutarajia. Alikaa mkekani, akala alichopewa, akauliza hali ya kuku. Kisha akasema amesiriba nyumba yake, lakini mkono wake haujui maua, naye amekuja kuomba saga.

Saga ni ile kazi ya kusaidiana. Mwanamke hana nguvu za kumaliza shamba au ukuta, anaita wenzake, wanakuja, wanafanya, wanakula, wanakwenda zao. Hakuna anayekuwa mke wa mtu kwa kuja kwenye saga. Dani akauliza kama tabaka la kwanza lilichanganywa na jivu. Mke wa mwenyekiti akasema ndiyo, kidogo. Dani akasema kidogo haitoshi, lakini atakuja.

Alikuja, na akaendelea kuja mpaka kazi ikaisha. Wanawake wa sokoni waliposikia ni saga, walikuja pia, wakasaga mkaa, wakachota maji, wakaimba nyimbo ambazo nilipoomba nitafsiriwe nilikataliwa. Dani alipaka akiwa karibu sana na ukuta, pua inakaribia kugusa, na nadhani mara nyingi hakuwa anaona bali anakumbuka. Jambo moja nililigundua. Alifanya kazi nje tu. Saa ya kula alikaa nje, chai alinywa nje. Akitaka kitu kilichomo ndani, alisimama mlangoni akapiga hodi, akangoja mwenye nyumba amletee. Nilimwambia aingie, ni nyumba tu, wageni wote wanaingia. Akanijibu kwamba wale ni wageni, yeye amekuja kazi, na mjane anayepaka nyumba ya mtu haingii ndani yake.

Upande wa mlango aliuacha mwisho. Ile michoro isiyo na jina, ya mama yake, aliifanya akiwa amefukuza kila mtu, isipokuwa mimi, labda kwa sababu alijua sielewi. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya kilima, mwanawe aliibomoa nyumba ya zamani. Dani alijua. Alichagua siku hiyo mwenyewe, nilikuja kuambiwa, ili mikono yake iwe na kazi. Jioni alinawa, akatazama ukuta wetu, akapanda bodaboda kwenda kulala kwenye nyumba ya matofali. Nilifunga geti nikalia.

Wageni walianza kufurika, na kwa mara ya kwanza watu wa mjini walipiga picha zao za arusi kwetu. Nami mlinzi, kwa akili zangu za ulinzi, nikanunua vanishi. Nilitaka kuupaka ukuta usioshwe na mvua, ukae hivyo milele. Dani alipopata habari alinitumia salamu kwamba niweke chini hilo kopo. Ukuta unaokaa vilevile mwaka hadi mwaka, alisema, ni wa nyumba ambayo mwanamke wake amekufa. Vanishi niliwapa vijana wapake fremu zao.

Mvua kubwa ikaja, kama kawaida yake, kutoka upande wa ziwa. Ukuta wa upande huo ulilainika, ukavimba, na magamba ya ngege yakaanguka vipande vipande. Nilituma habari kwa dani, nikaletewa jibu kwamba macho sasa yamekataa hata njia, na miguu imeungana nayo. Kamati ikasema tuuache ulivyo, ni historia. Niliuvumilia kwa muda. Kila asubuhi nilifagia udongo mwekundu ulioanguka usiku, na nikauweka kwenye ndoo, maana sikuweza kuutupa.

Siku moja mke wa mwenyekiti alikuja kuwasha moto wake kama ilivyokuwa desturi yake siku za soko. Akaiona ile ndoo. Hatukushauriana. Alikunja sketi akaanza kukanda, safari hii kwa jivu la kutosha, nami nikavua saa. Yeye alisiriba, mimi nikachora. Nilikuwa nimemtazama dani kwa karibu kuliko yeyote, kwa hiyo nilidhani ninajua. Vidole vyangu vilikuwa vya kuuza leso. Magamba yalianza makubwa yakaisha madogo, mengine yalielea kama yanataka kutoka ukutani. Mke wa mwenyekiti alirudi nyuma, akainamisha kichwa upande mmoja, akasema labda samaki huyu alikuwa mgonjwa. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Wakati udongo ungali mbichi, geti likalia. Alikuwa dani, ameshikwa mkono na mwanawe, ambaye alisema mama amemsumbua tangu alfajiri, anataka kuja. Sikuwa na mahali pa kuficha ukuta. Nilikimbia kumpokea, nikaanza kumweleza kuhusu mvua, akanipita. Alitembea huku ameunyoosha mkono mbele mpaka ukakutana na ukuta. Akapapasa. Alianza upande wa mlango, kwenye kazi yake mwenyewe, akaenda taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye magamba, kiganja kilisimama. Mwenye nyumba alikuwa nyuma yangu na mikono yake imejaa udongo mpaka viwiko.

"Hii si mkono yangu," dani akasema. "Ni ya nani?"

"Yangu, dani," nikamwambia. "Na ya mwenye nyumba."

Alirudia kupapasa, juu, chini, akatua kwenye lile gamba baya kuliko yote, akalizunguka kwa kidole kimoja. Nilisimama kama mtoto mbele ya mwalimu. Mwanawe alinitazama kwa huruma.

"Ni mbaya," akasema. Kiganja chake kilibaki palepale juu ya udongo mbichi. "Ni mbaya sana. Lakini nyumba iko na mtu."

Kisha akavua viatu vyake, akaviweka kando ya mlango, akaingia ndani bila kupiga hodi.